KUFYONZA, KUHIFADHI NA KUZALISHA: KABONI, JOTO NA ISTILAHI ZA KISWAHILI KATIKA BAHARI YA HINDI YA MAGHARIBI

Ikisiri

Makala hii inafafanua jinsi mabadiliko ya tabianchi yanavyoathiri kazi mbili za bahari, yaani kufyonza kaboni kutoka angani na kuzalisha chakula cha viumbe wa majini. Mfano unaotumika ni Bahari ya Hindi ya magharibi, kuanzia pwani ya Tanzania na Kenya hadi Somalia na Oman, ambako pepo za kaskazi na kusi hutawala mwendo wa maji. Inaonyeshwa kwamba kazi hizo mbili zinahusiana lakini si kitu kimoja, na kwamba pengine maji yenye rutuba kubwa ndiyo hasa yanayotoa kaboni. Aidha, inaonyeshwa kwamba baadhi ya istilahi za Kiswahili zilizozoeleka, hususan uzalishaji, hewaukaa na tindikali, hupoteza tofauti hiyo. Makala inatoa mapendekezo ya matumizi yaliyo bayana zaidi.

1.0 Utangulizi

Tangu viwanda vilipoanza kutumia makaa ya mawe kwa wingi, zaidi ya karne mbili zilizopita, kiasi cha kaboni dayoksaidi angani kimepanda kutoka takriban sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa hadi zaidi ya sehemu 420. Ongezeko hili lingekuwa kubwa zaidi kama kaboni yote iliyotolewa ingebaki angani. Takriban robo ya kaboni inayotolewa kila mwaka kutokana na shughuli za binadamu huingia baharini, na sehemu nyingine hufyonzwa na mimea na udongo wa nchi kavu. Bahari hiyohiyo imepokea zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada lililokusanyika duniani kwa sababu ya gesi hizo.

Mara nyingi takwimu hizi hutajwa kama habari njema, kana kwamba bahari ni ghala lisilojaa. Wataalamu wa bahari wana maswali mawili yanayoitia shaka picha hiyo. Kwanza, je, bahari inayozidi kupata joto inaweza kuendelea kufyonza kaboni kwa uwiano uleule? Pili, je, bahari hiyo itaendelea kuzalisha chakula cha samaki, na kwa hiyo cha watu wanaoishi kwa samaki, kama ilivyozoeleka?

Kwa watumiaji wa Kiswahili kuna swali la tatu, nalo ni la lugha. Maswali mawili yaliyotangulia hayana budi kuulizwa na kujibiwa katika lugha inayotumika katika kamati za vijiji vya wavuvi, katika semina za wakulima wa mwani na katika mikataba ya hifadhi ya mikoko. Ikiwa istilahi zinazotumika zinachanganya kutoa na kufyonza, au kufyonza na kuhifadhi, basi mkanganyiko huo hauishii katika kamusi. Huwafikia watu wanaotia saini.

Madhumuni ya makala hii, basi, ni kueleza mchakato wenyewe hatua kwa hatua, kuupima kwa mfano wa bahari inayojulikana kwa Waswahili, na hatimaye kurejea katika istilahi.

2.0 Namna Bahari Inavyofyonza Kaboni

Wataalamu hutofautisha njia kuu mbili ambazo kaboni hupitia kutoka tabaka la juu la bahari kwenda kilindini. Volk na Hoffert (1985) walizielezea kama pampu, na istilahi hiyo imeenea tangu wakati huo. Ya kwanza ni pampu ya umumunyifu, na ya pili ni pampu ya kibiolojia.

2.1 Pampu ya umumunyifu

Gesi humumunyika katika maji, na humumunyika zaidi katika maji baridi kuliko katika maji ya moto. Jambo hili huonekana hata katika chupa ya soda: iliyokaa juani hutoa gesi kwa nguvu inapofunguliwa, ilhali iliyotoka katika barafu hutulia. Katika bahari za karibu na ncha za dunia, maji baridi hufyonza kaboni dayoksaidi, huwa mazito, huzama, na kubeba kaboni hiyo hadi vilindini ambako inaweza kukaa kwa karne nyingi. Bahari ya Kusini, inayolizunguka bara la Antaktika, ndiyo inayoongoza katika kazi hii.

Hata hivyo, kaboni dayoksaidi haibaki kuwa gesi ndani ya maji. Huungana na maji na kuwa asidi ya kaboni, ambayo hugawanyika mara moja kuwa ioni za haidrojeni na bikaboneti. Katika maji ya juu ya bahari, takriban asilimia 90 ya kaboni iliyomumunyika imo katika umbo la bikaboneti, asilimia karibu 9 ni kaboneti, na asilimia 1 tu ndiyo iliyobaki kuwa kaboni dayoksaidi. Kwa sababu hiyo bahari ina uwezo mkubwa wa kupokea. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa na kaboni takriban mara 60 zaidi ya iliyokuwamo angani.

Uwezo huo, pamoja na ukubwa wake, una mpaka. Kinachoiwezesha bahari kupokea kaboni mpya ni kaboneti, na kaboneti hupungua kadiri kaboni mpya inavyoingia. Revelle na Suess (1957) walilieleza tatizo hili wakati ambapo wanasayansi wengi waliamini kwamba bahari ingemeza karibu kaboni yote ya viwanda pasi na shida. Kwa wastani, kaboni dayoksaidi ya angani ikiongezeka kwa asilimia 10, jumla ya kaboni katika maji ya juu huongezeka kwa asilimia 1 tu hivi kabla ya mizani kurejea. Na kila kaboneti inapopungua, hata hiyo asilimia 1 huwa ngumu kupatikana.

2.2 Pampu ya kibiolojia

Njia ya pili hupitia viumbe. Katika tabaka la juu, ambako mwanga wa jua unafika, huishi mimea midogo mno inayoelea, yaani fitoplanktoni. Kama mimea ya nchi kavu, fitoplanktoni hutumia mwanga, maji na kaboni dayoksaidi kujijenga kwa usanisinuru. Ingawa ni vigumu kuiona kwa macho, mimea hii hufanya takriban nusu ya usanisinuru wote wa dunia, na kila mwaka hugeuza karibu tani bilioni 50 za kaboni kuwa miili ya viumbe. Kazi hii ndiyo inayoitwa uzalishaji wa awali. Mlolongo wote wa chakula baharini, kuanzia zuplanktoni hadi dagaa, vibua, jodari na papa, unasimama juu yake.

Sehemu kubwa ya kaboni hiyo huliwa na kupumuliwa tena palepale juu. Sehemu ndogo huzama ikiwa mizoga, kinyesi na mabaki mengine, na huozea vilindini. Humo huacha kaboni pamoja na virutubisho, hasa naitrojeni na fosforasi. Matokeo yake ni kwamba maji ya kina yana mali mbili kwa pamoja: yana rutuba, na yana kaboni nyingi. Hoja hii haina budi kushikwa vizuri, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa mfano utakaojadiliwa katika sehemu ya nne.

Inafaa pia kuondoa dhana moja potofu. Kaboni ya ziada iliyotokana na viwanda inaingia baharini hasa kwa njia ya umumunyifu, wala si kwa sababu fitoplanktoni imeongeza kazi. Pampu ya kibiolojia ilikuwapo tangu zamani na kwa kiasi kikubwa ilikuwa katika mizani: kilichozama kilirudi juu baada ya muda. Hivyo, mtu anaposema kwamba bahari inafyonza kaboni zaidi siku hizi, hajasema chochote kuhusu wingi wa samaki.

3.0 Athari za Ongezeko la Joto

3.1 Katika ufyonzaji

Ongezeko la joto hudhoofisha ufyonzaji kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ya moja kwa moja: maji yenye joto humumunyisha gesi kidogo. Namna ya pili hutokana na matabaka. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi na kuelea juu ya maji baridi mazito. Kadiri tofauti ya uzito inavyokua, ndivyo upepo unavyohitaji nguvu kubwa zaidi kuyachanganya. Maji ya juu yaliyokwisha kufyonza kaboni hukawia kushuka, na maji yasiyoguswa hukawia kupanda kuchukua nafasi yake. Ni sawa na mlango wa ghala uliozibwa na magunia yaliyotangulia. Nafasi imo ndani, lakini haifikiwi.

Haina maana kwamba bahari imeacha kufyonza. Katika miongo ya karibuni imekuwa ikifyonza wastani wa kati ya tani bilioni 2 na 3 za kaboni kwa mwaka, na kiasi hicho kimepanda kwa sababu kaboni ya angani nayo imepanda. Linalotarajiwa, kwa mujibu wa tathmini za Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, ni kwamba utoaji ukiendelea kuwa mkubwa, bahari itafyonza kaboni nyingi kwa hesabu ya tani, lakini itakuwa sehemu ndogo zaidi ya kaboni yote itakayotolewa. Sehemu itakayobaki angani itakua.

3.2 Katika uzalishaji

Matabaka hayohayo huathiri uzalishaji. Fitoplanktoni inahitaji mwanga, ambao uko juu, na virutubisho, ambavyo kwa sehemu kubwa viko chini. Mahali ambapo maji hayachanganyiki, mimea hii hukaa katika mwanga tele ikikosa chakula. Katika bahari za tropiki, ambako mwanga si tatizo, ongezeko la joto kwa kawaida huambatana na upungufu wa uzalishaji. Behrenfeld na wenzake (2006), wakitumia vipimo vya rangi ya bahari vilivyochukuliwa kwa setilaiti kuanzia 1997, walionyesha uhusiano huo katika sehemu kubwa ya bahari za joto.

Hata hivyo, kiwango cha upungufu unaotazamiwa hakijaafikiwa. Taarifa ya Jopo la Kimataifa ya mwaka 2019 kuhusu bahari na barafu ilikadiria kwamba, utoaji ukibaki mkubwa, uzalishaji wa awali wa dunia ungeshuka kwa asilimia 4 hadi 11 kufikia mwisho wa karne hii, lakini jopo lenyewe liliyapa makadirio hayo daraja la chini la uhakika. Jambo lililo wazi zaidi ni kwamba wastani wa dunia hauisaidii sana nchi moja moja. Bahari za tropiki hutazamiwa kupoteza zaidi, ilhali baadhi ya bahari za baridi huenda zikapata.

4.0 Mfano wa Bahari ya Hindi ya Magharibi

4.1 Kaskazi, kusi na rutuba ya maji

Bahari ya Hindi inatofautiana na bahari kuu nyingine kwa kuwa imefungwa na bara upande wa kaskazini. Bara hilo hupata joto na baridi haraka kuliko maji, na tofauti hiyo huzigeuza pepo mara mbili kwa mwaka. Waswahili waliijenga kalenda ya usafiri na uvuvi juu ya mageuzi hayo: kaskazi, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, kusi, kuanzia Mei hadi Septemba au Oktoba, na baina yake malelezi, wakati upepo haujatulia upande mmoja. Majina haya ni ya pepo na pia ni majina ya misimu. Kwa mwanasayansi wa bahari, ni majina ya mikondo pia.

Wakati wa kusi, Mkondo wa Somalia huenda kaskazini kwa kasi kubwa, na upepo husukuma maji ya juu mbali na pwani za Somalia na Oman. Maji ya kina hupanda kujaza pengo. Makala hii inatumia neno mwibuko kwa tukio hilo, kwa kuwa kitenzi kuibuka hubeba wazo la kitu kilichokuwa chini kujitokeza juu. Katika mwibuko huo joto la maji karibu na pwani ya Somalia linaweza kushuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi, jambo lisilo la kawaida karibu na ikweta. Maji hayo baridi huleta virutubisho, fitoplanktoni hushamiri, na bahari huwa miongoni mwa zenye uzalishaji mkubwa duniani.

Hapo ndipo ufunguo uliotajwa hapo juu unapohitajika. Maji yanayopanda na virutubisho hupanda na kaboni pia. Fitoplanktoni huitumia sehemu yake, lakini si yote. Nyingine hupata joto juu na kutoroka kwenda angani. Kwa jumla ya mwaka, sehemu ya kaskazini-magharibi ya Bahari ya Hindi hutoa kaboni dayoksaidi kuliko inavyofyonza, wakati maji baridi ya kusini mwa bahari hiyo, yenye samaki wachache kwa kulinganisha, ni mfyonzaji mkubwa. Anayetafuta samaki na anayetafuta ghala la kaboni hawaelekezi tanga upande mmoja.

Kusini zaidi, pwani ya Tanzania na Kenya hupitiwa na Mkondo wa Pwani ya Afrika ya Mashariki, uendao kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo huu huenda kwa kasi, maji hupoa hadi karibu nyuzi 25, na tabaka la juu huchanganyika hadi kina kirefu. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua kasi, maji hupata joto hadi karibu nyuzi 29 au 30, na kaskazini mwa Kenya hukutana na Mkondo wa Somalia ambao msimu huo huelekea kusini. Mikondo hiyo hugeukia mashariki kwa pamoja, na katika eneo la makutano, juu ya miinuko ya bahari ya kaskazini mwa Kenya, hutokea mwibuko mdogo unaorutubisha maji.

Wavuvi wa mashua na ngalawa kwa kawaida hupata zaidi wakati wa kaskazi. Ingekuwa kosa, hata hivyo, kuchukulia mavuno yao kuwa kipimo cha uzalishaji wa bahari. Kusi huchafua bahari, na vyombo vidogo hushindwa kutoka. Kaskazi huituliza, na wavuvi hufika mbali. Mavuno ni zao la samaki waliopo na siku ambazo chombo kinaweza kutoka, na mabadiliko ya tabianchi yanaweza kugusa vyote viwili.

4.2 Mjadala kuhusu mwelekeo

Bahari ya Hindi ya magharibi imekuwa ikipata joto kwa zaidi ya karne moja. Roxy na wenzake (2014) walikadiria kwamba joto la maji ya juu katika miezi ya kiangazi cha kaskazini mwa dunia lilipanda kwa nyuzi 1.2 baina ya 1901 na 2012, kasi inayozidi ya sehemu nyingine za bahari za tropiki. Kuhusu athari ya joto hilo kwa uzalishaji, tafiti mbili zimetoa majibu yanayoonekana kupingana.

Goes na wenzake (2005) walichunguza data za setilaiti za 1997 hadi 2004 na kuona ongezeko kubwa la fitoplanktoni katika pwani za Somalia, Yemen na Oman. Maelezo yao yalikuwa kwamba theluji ya Himalaya na Tibet ilipungua, bara likapata joto haraka, tofauti ya joto kati ya bara na bahari ikaongezeka, upepo wa kusi ukapata nguvu, na mwibuko ukakua. Kwa upande mwingine, Roxy na wenzake (2016) waliunganisha data za setilaiti na mifano ya kompyuta na kufikia hitimisho kwamba uzalishaji katika bahari hiyo ulipungua, mahali pengine kwa kadiri ya asilimia 20, katika miongo sita. Maelezo yao yalitegemea matabaka: maji ya juu yalipata joto, uchanganyikaji ukadhoofika, virutubisho vikakosekana.

Tofauti kati ya tafiti hizi inafundisha. Miaka saba ni kipindi kifupi katika bahari ambayo matukio kama El Niño ya 1997/98 yanaweza kuipindua kwa mwaka mmoja. Mfululizo ulioanza wakati wa tukio kama hilo unaweza kupanda kwa sababu tu mwanzo wake ulikuwa chini. Data zilizofuata hazikuonyesha ongezeko hilo likiendelea. Kwa upande wa pili, miongo sita haina setilaiti, kwani vipimo endelevu vya rangi ya bahari vilianza 1997, na kwa hiyo sehemu kubwa ya kipindi hicho inategemea mifano ya kompyuta. Michakato yote miwili iliyotajwa ni ya kweli. Upepo unaweza kuongeza mwibuko pwani huku joto likiimarisha matabaka nje. Suala linalobaki ni upi kati ya hiyo unashinda, wapi na katika msimu upi.

Aidha, wingi wa viumbe vidogo peke yake hautoshi kuwa kipimo. Katika Bahari ya Arabuni, hasa wakati wa kaskazi, kumekuwa na mlipuko wa kiumbe mdogo wa kijani aitwaye noktiluka, ambaye hung'aa usiku maji yanapotibuliwa. Gomes na wenzake (2014) waliuhusisha mlipuko huo na kuenea kwa maji yenye upungufu wa oksijeni, ingawa maelezo hayo yamepingwa na baadhi ya watafiti. Noktiluka haliwi na samaki wengi. Maji yanaweza kuonekana yana rutuba kutoka angani, na bado nyavu zikarudi tupu.

4.3 Pwani: matumbawe, mwani na mikoko

Karibu na nchi kavu, mambo haya huonekana kwa macho. Mwaka 1998, na tena 2016, joto la maji liliyafanya matumbawe ya Afrika ya Mashariki kupauka kwa wingi. Tumbawe huishi kwa kushirikiana na mwani mdogo sana ulio ndani ya mwili wake. Joto likizidi humtoa mshirika huyo, hubaki jeupe, na likikaa hivyo muda mrefu hufa. Kupungua kwa kaboneti katika maji huongeza tatizo, kwa kuwa kaboneti ndiyo mali ghafi ya mifupa ya tumbawe na ya makoma ya viumbe wengi. Hivyo, kaboni iliyofyonzwa ndiyo inayoyanyima matumbawe vifaa vya ujenzi, na joto ndilo linalobomoa yaliyokwisha kujengwa. Visababishi ni viwili, na chanzo ni kimoja.

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar 1989, na kwa sehemu kubwa hufanywa na wanawake katika maji yanayokupwa. Aina ya kotonii, yenye bei nzuri zaidi, imekuwa ikishindwa kustawi katika maji ya kina kifupi tangu miaka ya 2000, na wakulima wengi wamebaki na spinosamu, inayovumilia joto lakini yenye bei ndogo. Kotonii hustahimili zaidi katika maji ya kina yenye joto la wastani, lakini huko panahitajika chombo na ujuzi wa kuogelea. Kwa mkulima, nyuzi mbili za joto hutafsiriwa kuwa umbali kutoka ufukweni, na umbali huo hutafsiriwa kuwa gharama.

Mikoko ni tofauti. Katika misitu kama ile ya delta ya Rufiji, kaboni nyingi haimo katika shina wala majani, bali katika tope lililo chini, ambamo oksijeni ni haba na uozo huenda polepole. Mkoko ukikatwa, ufyonzaji wa siku zijazo hupotea, na hifadhi iliyokusanywa kwa miaka mingi nayo hufunguliwa. Katika Ghuba ya Gazi nchini Kenya, mradi wa jamii uitwao Mikoko Pamoja ulianza 2013 kuuza hati za kaboni zinazotokana na ulinzi wa mikoko. Tanzania nayo ilitunga kanuni za biashara ya kaboni 2022. Mikataba ya aina hii huwafikia wanavijiji kwa Kiswahili, na hapo suala la istilahi hukoma kuwa la kinadharia.

5.0 Suala la Istilahi

Kiswahili hakianzi kwenye ombwe katika uwanja huu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili 1990 iliweka msingi wa istilahi za sayansi, na lugha ya pwani ina hazina yake ya maneno ya bahari: bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa, mkondo, kilindi, malelezi. Matatizo yanayojadiliwa hapa hayatokani na uhaba wa maneno. Yanatokana na neno moja kubebeshwa dhana zisizochukuana.

5.1 Uzalishaji. Katika hati nyingi na katika vyombo vya habari, uzalishaji wa gesijoto humaanisha kuzitoa gesi hizo kwenda angani. Katika sayansi ya bahari, uzalishaji ni kazi ya fitoplanktoni ya kuichukua kaboni na kuifanya chakula. Kwa hiyo kirai kama uzalishaji wa kaboni baharini kinaweza kusomwa kwa maana mbili zinazopingana kabisa: bahari inatoa kaboni, au viumbe wa bahari wanaitumia. Inapendekezwa kwamba neno utoaji, ambalo tayari linatumika, litengwe kwa gesi zinazokwenda angani, na uzalishaji ubaki kwa kujenga chakula na viumbe.

5.2 Hewaukaa na kaboni. Neno hewaukaa limekubalika na lina faida ya kueleweka haraka. Lakini sehemu yake ya kwanza ni hewa, na kama ilivyoonyeshwa, karibu asilimia 99 ya kaboni iliyomumunyika baharini si gesi tena. Kusema kwamba bahari au tope la mikoko lina hewaukaa humfanya msikilizaji afikirie mapovu. Hewaukaa inafaa kwa gesi iliyo angani. Kaboni inafaa kwa kitu kinachosafiri kutoka umbo moja hadi jingine.

5.3 Kufyonza na kuhifadhi. Vitenzi hivi mara nyingi hubadilishana nafasi kana kwamba ni visawe. Kufyonza ni tendo la kuingiza, na hupimwa kwa mwaka. Kuhifadhi ni hali ya kuweka, na hupimwa kwa jumla iliyopo. Fitoplanktoni hufyonza sana na kuhifadhi kidogo. Tope la mikoko hufyonza polepole na kuhifadhi kingi. Mwanakijiji anayeambiwa kwamba msitu wake unalipiwa kwa kufyonza ana haki ya kujua kama malipo ni ya mwaka huu au ni ya kutofungua hifadhi ya miaka iliyopita. Wajibu unaotokana na kila moja si uleule.

5.4 Tindikali. Husemwa kwamba bahari inakuwa tindikali. Maji ya bahari yana kipimo cha pH cha takriban 8.1, yaani bado yako upande wa alikali, kwa kuwa 7 ndiyo kati. Kabla ya enzi ya viwanda kipimo kilikuwa takriban 8.2. Kwa kuwa mizani hiyo ni ya logi, upungufu wa 0.1 una maana ya ongezeko la takriban asilimia 26 la ioni za haidrojeni. Badiliko ni kubwa, lakini bahari haijawa tindikali, na anayesikia neno hilo akakumbuka maji ya betri amepotoshwa. Kupungua kwa ualikali ni usemi mrefu kidogo, ila hausemi uongo. Pale ufupi unapotakiwa, kuongezeka kwa uasidi kunafaa zaidi, kwa kuwa kunataja mwelekeo pasipo kudai kwamba mwisho umekwisha kufikiwa.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba ongezeko la joto huathiri ufyonzaji wa kaboni na uzalishaji wa bahari kupitia mlango mmoja, yaani kupungua kwa uchanganyikaji wa maji ya juu na ya kina, lakini kwamba kazi hizo mbili haziendi sambamba kila mahali. Bahari ya Hindi ya magharibi ni ushahidi: maji yanayolisha samaki wa Somalia na Oman wakati wa kusi ndiyo yanayorudisha kaboni angani. Kuhusu mwelekeo wa uzalishaji katika bahari hiyo, ushahidi uliopo unaelekea upande wa upungufu, ingawa kipindi cha vipimo vya moja kwa moja bado ni kifupi. Kuhusu ufyonzaji, uwezo wa bahari ni mkubwa lakini unapungua kadiri unavyotumika.

Kwa upande wa lugha, imependekezwa kutenga utoaji na uzalishaji, hewaukaa na kaboni, kufyonza na kuhifadhi, na kuacha kuiita bahari tindikali. Hakuna hata moja kati ya mapendekezo haya linalohitaji neno geni. Kazi inayobaki kwa wanaistilahi ni kukaa pamoja na wanasayansi wa bahari na pia na wavuvi na wakulima wa mwani, ambao kwa muda mrefu wameitaja misimu ya maji kwa majina ya pepo. Maarifa yao ya kusi na kaskazi ni mlango ambao sayansi hii inaweza kuingilia katika Kiswahili bila kubisha hodi mara mbili.